Hasira juu ya Shujaa inabisha mlango wa jirani

Nairobi ilipopangiwa kuwa mwenyeji wa duru ya Februari 2026 ya raga ya wachezaji saba kila upande, uwanjani Nyayo, mashabiki wa Kenya walijikuta na furaha iliyochanganyika na aibu. Timu yao itacheza nyumbani, mbele ya ndugu na majirani, lakini itacheza katika daraja la pili. Muundo mpya wa mashindano ya dunia umebakiza timu nane tu katika daraja la juu, na Shujaa, timu ya taifa ya Kenya, hawamo. Wako chini, pamoja na timu ambazo miaka kumi iliyopita shabiki wa Ngong Road asingesumbuka kuwajua wachezaji wake. Tangu hapo lawama zimemiminika kwa namna tuliyoizoea: wachezaji hawajali, kocha hafai, jezi imekosa heshima. Ninaielewa hasira hiyo, na kwa kiasi kikubwa ninaishiriki. Hata hivyo naamini tumeisoma vibaya hali yenyewe. Wengi wanaona timu iliyoporomoka kutoka kileleni kwa uzembe wa watu kumi na watatu. Ninachokiona mimi ni timu iliyobaki na utaratibu wa ridhaa katika mchezo ambao wenzake wameugeuza kuwa ajira ya mwaka mzima, na ambayo kila ilipofika karibu na mafanikio ya kudumu, ilivunjwa na watu wasiovaa daluga.

Kumbukumbu za mashabiki ndizo zinazofanya maumivu haya yawe makali, kwa hiyo si haki kuzidharau. Mwaka 2009, katika Kombe la Dunia lililofanyika Dubai, Kenya iliitoa Fiji katika robo fainali na kufika nusu fainali. Ilifika nusu fainali tena Moscow mwaka 2013, na msimu huo huo wa 2012/13 ikamaliza ya tano katika msururu wa dunia. Tarehe 17 Aprili 2016 nchini Singapore, kikosi cha kocha Benjamin Ayimba kikiongozwa na nahodha Andrew Amonde kiliilaza Fiji 30-7 katika fainali na kutwaa taji la kwanza la Kenya. Anayekumbuka siku ile anakumbuka pia kwamba Fiji hiyo hiyo, miezi minne baadaye, ilivaa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya mchezo huu kwa wanaume huko Rio. Collins Injera, kijana aliyeanza kuonekana na timu ya taifa katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, alikuwa akifunga trai hadi akaongoza orodha ya wafungaji wa wakati wote mwaka 2016. Mwaka 2018 Shujaa walicheza fainali mbili, Vancouver na Hong Kong, zote dhidi ya Fiji, na zote wakashindwa. Kwa hiyo shabiki anayesema “tulikuwa wakubwa” hasemi uongo.

Anachokosea ni kudhani kwamba ukubwa ule ulikuwa na msingi chini yake. Oktoba 2009, miezi michache baada ya Dubai, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kuirudisha raga katika Michezo kwa sura ya wachezaji saba, kuanzia Rio 2016. Uamuzi ule ulibadilisha kila kitu kwa sababu fedha za serikali hufuata medali. Nchi ambazo zamani zilipeleka kikosi cha wanafunzi na wachezaji wa akiba zilianza kuajiri watu kucheza saba na kufanya hilo tu. Mfano unaoniuma zaidi ni Uhispania. Huko Rio Uhispania ilimaliza ya 10 na Kenya ya 11. Zilikuwa timu za kimo kimoja, na ukiuliza nani ana vipaji zaidi, hata Mhispania angekuelekeza Nairobi. Leo Uhispania imo ndani ya zile nane, na katika fainali kuu ya Los Angeles mwaka 2025 ilishindwa na Afrika Kusini pekee. Uhispania haina nyota kama Injera wetu. Ina watu wanaoamka kila siku kwenda kazini, na kazi yao ni raga.

Wakati huohuo meza yenyewe imepunguzwa viti. Timu za kudumu zilikuwa 15 au 16, zikawa 12, sasa ni 8. Mwaka 2018/19 Kenya ilimaliza ya 13 na bado ikabaki katika msururu. Nafasi hiyohiyo leo ingekuwa karibu na mkia wa daraja la pili. Nalitaja hili kwa tahadhari, maana linaweza kugeuka kisingizio. Kupunguzwa kwa viti hakukuwanyang’anya Shujaa chochote walichokuwa nacho. Kumewaondolea tu ule uzembe wa kumaliza nusu ya chini mwaka baada ya mwaka na kusema tutaona msimu ujao.

Huo msimu wa 2018/19 unastahili kutazamwa kwa makini kuliko mwingine wowote, kwa sababu ulikuwa kama jaribio la maabara ambalo hakuna aliyelipanga. Msimu uliotangulia, chini ya kocha Innocent Simiyu, Kenya ilimaliza ya 8 kwa pointi 104, na ndio msimu wa zile fainali mbili. Mwishoni mwake, jijini Paris, wachezaji waliziba nembo ya mdhamini kifuani mwa jezi zao, wakilalamikia malipo waliyosema hawakuyapata. Kilichofuata kila mtu anakijua: ghadhabu ya maofisa, mdhamini kudai heshima yake, Simiyu kuondoka, na mvutano wa mikataba uliofanya wakongwe wengi wasiwemo kikosini msimu mpya ulipoanza. Kocha mpya, Paul Murunga, akapewa chipukizi na kuambiwa aende Dubai. Kutoka nafasi ya 8 hadi ya 13 ndani ya miezi kumi na miwili! Shule zilizowazaa wachezaji hazikuwa zimefungwa, klabu za ligi ya Kenya Cup ziliendelea kucheza, vijana wa Kakamega na Nakuru hawakupoteza mbio zao usiku mmoja. Kilichobadilika ni makubaliano kati ya mchezaji na mwajiri wake. Kama kuna anayetaka kujua Shujaa walianza kuanguka lini, mimi humwonyesha siku ile ya Paris, si Twickenham ya Mei 2023 ambako Canada iliwafunga 12-7 na kuwashusha. Twickenham ilikuwa hati ya kifo tu. Mgonjwa alilazwa zamani.

Zipo hoja nzito dhidi ya maelezo haya, na iliyo nzito kuliko zote inatoka visiwani Fiji. Fiji si nchi tajiri. Kocha Ben Ryan alipochukua timu ile mwaka 2013, chama chake kilikuwa na hali mbaya ya fedha kiasi kwamba miezi ya mwanzo hakulipwa mshahara, na bado alishinda misururu miwili na dhahabu ya Rio. Isitoshe, Shujaa waliotwaa Singapore nao hawakuwa wakiogelea katika fedha. Basi mtu ana haki ya kuuliza: ikiwa umaskini haukuwazuia wale, kwa nini uwe maelezo ya kushindwa kwa hawa? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu na sioni njia ya kulikwepa. Fedha peke yake hazitoshi kueleza. Ila ukiitazama Fiji kwa karibu utaona kwamba huko raga ndiyo mchezo wa kila kijiji, mtoto anaufahamu kabla ya kujua kusoma, na anayecheza vizuri anajua zipo klabu za Ufaransa na Uingereza zinazomsubiri. Kukosa mshahara kwa mwaka mmoja ni bei ambayo kijana wa Fiji anaweza kuilipa akitazama mbele. Kijana wa Kenya anayecheza saba hana soko kubwa la namna hiyo linalomngoja, na nyumbani mchezo wenye umaarufu wa kwanza ni soka. Zaidi ya hayo, Ryan aliachwa miaka mitatu afanye kazi yake. Hata Ayimba, ambaye jina lake tunalitaja kila tukitaka kuwasuta waliomfuata, alipata nusu fainali ya Dubai akiwa amekaa na timu tangu 2006. Alipoirudia mwaka 2015 aliwakuta watu kama Injera na Amonde waliokwisha kucheza pamoja miaka mingi. Mafanikio ya 2016 yalivunwa katika shamba lililolimwa miaka kumi kabla. Tatizo ni kwamba baada ya mavuno yale shamba likaachwa.

Ushahidi kwamba kipaji kipo, na kwamba kinachokosekana ni uendelevu, ulionekana wazi baada ya kushushwa. Septemba 2023 mjini Harare, Shujaa wakiwa wameshushwa miezi minne tu iliyopita, waliifunga Afrika Kusini 17-12 katika fainali ya Afrika na kujikatia tiketi ya Olimpiki ya Paris 2024. Afrika Kusini ililazimika kupita mlango wa nyuma kufika Olimpiki. Miezi kumi baadaye, katika Stade de France, Afrika Kusini iliyofungwa Harare ilivaa medali ya shaba, na Kenya ikamaliza ya 9. Siku moja ya Harare Wakenya wanaweza kumfunga yeyote. Miezi kumi ya maandalizi baada ya Harare ndiyo iliyotenganisha shaba na nafasi ya tisa, na miezi hiyo haionekani kwenye televisheni.

Ninapofika hapa, rafiki zangu hunijibu kwa hoja ambayo kwa maoni yangu ni dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayorudiwa zaidi: wachezaji wetu wanapenda starehe. Wanaonekana klabuni Ijumaa usiku, wana wafuasi wengi mitandaoni, wanafikiri wao ni masupastaa. Tuanze na jambo dogo: lawama hii ilikuwepo pia mwaka 2009 na 2016, na wakati ule iliitwa ucheshi wa vijana kwa kuwa walikuwa wakishinda. Lakini tuichukulie kwa uzito. Mechi ya raga ya saba ina dakika 14, vipindi viwili vya dakika saba saba, na timu hucheza mechi tano au sita ndani ya siku mbili au tatu. Ukitazama Shujaa wa miaka hii, utaona wanavyoongoza au wanavyokuwa sare hadi dakika ya kumi na moja, kisha mkabaji mmoja anachelewa hatua mbili, pengo linafunguka pembeni, na mpinzani anakwenda chini ya nguzo bila kuguswa. Shabiki aliyekaa mbele ya runinga anaita huo uvivu. Mwalimu yeyote wa mazoezi ya viungo atakwambia hizo hatua mbili huandaliwa miezi minane kabla, kwa chakula, usingizi, gimu, vipimo na mtu wa kutibu misuli, na kwamba mwili unaofanya mazoezi baada ya saa za kazi hauwezi kushindana na mwili ambao kazi yake ni mazoezi. Mlevi hawezi kucheza dakika kumi na moja sawa na Argentina. Mtu ambaye hajaandaliwa ipasavyo anaweza, halafu akazimika.

Niliwahi kushuhudia jambo hili kwa macho yangu katika duru moja ya mashindano ya kitaifa ya raga ya saba, Jumapili ya vumbi na jua kali. Mchezaji aliyekuwa ameitwa kambi ya taifa alitoka uwanjani akichechemea, akaenda moja kwa moja kwa mama aliyekuwa akiuza soda kando ya uzio, akamwomba barafu. Mama akatoa chupa tatu za soda kwenye ndoo, akaifunga barafu ndani ya mfuko wa nailoni na kumkabidhi, kisha akamwambia, “Rudisha mfuko, mwanangu, nina wateja.” Yule kijana alikaa juu ya kreti akiwa ameubana mfuko gotini, huku akipiga simu kumweleza mtu kwamba kesho saa mbili atakuwa kazini bila kukosa. Saa moja baadaye alirudi kucheza nusu fainali. Sijui ni neno gani la Kiswahili lingemfaa kijana yule, ila “mvivu” silo.

Hoja ya kocha nayo ni ya kutazamwa, kwa kuwa ina ukweli nusu. Makocha hukosea, na wengine waliopita hapa walikosea waziwazi. Lakini hebu hesabu: Mike Friday 2012, Paul Treu 2013, Felix Ochieng 2014, Ayimba 2015, Simiyu 2016, Murunga 2018, Paul Feeney 2019, Simiyu tena 2020, Damian McGrath 2022, Kevin Wambua 2023. Mikono kumi ndani ya miaka kumi na mmoja, ukimhesabu Simiyu mara mbili. Kila mmoja alikuja na mfumo wake wa ulinzi, orodha yake ya wachezaji na ahadi zake. Friday ndiye mfano wa kuumiza. Alikaa nasi msimu mmoja, akatupa nafasi ya tano na nusu fainali ya Moscow, akaondoka. Mwaka 2014 alichukuliwa na Marekani, na aliyemchukua alimwacha kazini hadi baada ya Olimpiki ya Paris, miaka kumi. Katika miaka hiyo Marekani ilimaliza ya pili duniani msimu wa 2018/19, ule ambao sisi tulikuwa wa 13. Ni kweli Marekani haikupata medali ya Olimpiki chini yake, na sidai kwamba kukaa muda mrefu ni dawa ya kila ugonjwa. Nadai jambo jembamba zaidi: kocha anayejua kwamba atafukuzwa Juni hawezi kumlea mchezaji wa miaka kumi na tisa, atamtumia mkongwe mwenye goti bovu kwa sababu anahitaji ushindi Januari.

Kuhusu wale wanaotaka tuachane na saba na kuelekeza nguvu kwenye raga ya 15, sina mengi. Simbas, timu yetu ya taifa ya wachezaji 15, hawajawahi kufuzu Kombe la Dunia, na waliofungwa 85-0 na Ureno huko Dubai mwaka 2022 walikuwa wakiumwa na ugonjwa uleule wa nyumba moja. Kuhamia chumba kingine hakuzibi paa linalovuja.

Mashabiki nao wana sehemu yao katika hili, na nalisema nikijua ninajisema mwenyewe. Tumeifanya raga ya saba kuwa sherehe. Safari Sevens, iliyoanzishwa mwaka 1996, ilitufundisha kuvaa, kuimba na kunywa pamoja, na hakuna ubaya katika hilo. Nchi nyingi zingetamani mashabiki kama sisi. Ila shauku yetu huwaka wikendi za mashindano na kuzimika Jumatatu, na kwa hiyo shinikizo letu pia huwaka na kuzimika hivyohivyo. Timu ikifungwa tunadai kichwa cha mtu, tunapewa kichwa, tunatulia. Kwa maofisa wa mchezo, kumtoa kocha ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kununua miezi sita ya amani, na sisi ndio tunaowauzia. Hatujawahi kujaza uwanja wala kuutelekeza kwa sababu mikataba ya wachezaji ilichelewa kusainiwa. Wachezaji walipojaribu kutuambia wenyewe jijini Paris, wengi wetu tulishangaa zaidi kuhusu nembo iliyozibwa kuliko sababu ya kuizibia.

Matokeo ya kulisoma jambo hili namna hii ni mazito kuliko kumtafuta mkosaji. Yanamaanisha kwamba kurejea daraja la juu, hata kukitokea haraka, hakutatibu kitu. Tulikwisha kurejea mara moja, Juni 2024 kule Madrid tulipoifunga Ujerumani, na msimu wa 2026 ukatukuta chini tena. Yanamaanisha pia kwamba serikali, ambayo hupenda kupiga picha na timu uwanja wa ndege, inapaswa kuulizwa ni siku gani fedha za kambi hutoka, kwa kuwa fedha zinazofika wiki moja kabla ya safari hulipia tiketi lakini haziwezi kulipia miezi minane iliyokwisha kupita. Na yanamaanisha, jambo ambalo mashabiki wenzangu hawatalipenda, kwamba inabidi tuvumilie kushindwa kwa aina fulani: kikosi cha vijana kinachofungwa na timu za daraja la pili mwaka huu, wakiwa wote na mikataba inayovuka Olimpiki ya Los Angeles 2028, kina thamani kuliko kikosi cha kuazima kinachoshinda Nyayo na kutawanyika Aprili.

Kwa hiyo nitakwenda Nyayo, nitavaa jezi, na tukifungwa nitakasirika kama wengine. Ila nikibahatika kumpata ofisa yeyote wa raga karibu na lango la kutokea, sitamuuliza kwa nini fulani hakukaba. Nitamuuliza mikataba ya hawa vijana inaisha mwezi gani.